Jiko la kesho walilotuahidi, na swali la mamangu kuhusu mbuzi

Mwezi uliopita mpwa wangu alitandaza ramani juu ya mkeka wa mamangu, pale nyumbani kwetu Majengo. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili mnayoijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Imechoka. Mabati yavuja, boriti mbili zimeliwa na mchwa, na sisi ndugu, baada ya vikao visivyo na idadi, tumekubaliana ibomolewe ijengwe ghorofa. Mama akae chini, juu tupangishe. Kijana amesomea kuchora ramani, kwa hivyo kazi alipewa yeye, na malipo yake ni dua na sahani ya pilau.

Mambo yalikwenda vizuri hadi tulipofika jikoni. Alituonyesha chumba kidogo ndani ya nyumba, kando ya sebule, kabati juu na chini, sinki, meza ya marumaru iliyoungwa ukutani na nafasi ya jiko la gesi. "Hili ndilo jiko la kisasa, nyanya," akasema. "Jiko la kesho." Ua haukuwamo. Mahali pake pamechorwa maegesho ya magari sita ya wapangaji.

Mamangu aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Na mbuzi nitaikalia wapi?"

Kijana alicheka. Akamwambia siku hizi nazi hupigwa kwa blenda, tena tui lauzwa dukani kwa pakiti. Mamangu hakucheka. Alikohoa, kama anavyokohoa kila siku, akainuka akaenda zake uani.

Niseme kweli, siku ile nilikuwa upande wa kijana. Kikohozi cha mamangu si cha mafua. Daktari ametuambia waziwazi kwamba mapafu yake yameumizwa na moshi wa miaka mingi, na kwamba akiendelea kuinamia makaa kila siku tusishangae hali ikizidi. Kwa hivyo kumtoa mbele ya seredani si anasa kwetu, ni dawa. Lakini yale maneno, "jiko la kesho", yalinikaa kichwani. Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba kwa zaidi ya miaka 130 watu wenye akili zao wamekuwa wakitangaza jiko la kesho, kila mmoja kwa uhakika kama huu wa mpwa wangu. Kabla hatujatia sahihi ramani, nataka niwaeleze walisema nini, wapi walipata na wapi waliteleza.

Watabiri wa mwanzo waliona jiko litatoweka kabisa. Mwaka 1893, kulipokuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, magazeti ya Marekani yaliwauliza watu mashuhuri maisha yatakuwaje baada ya miaka 100. Mwanasiasa mmoja mwanamke, Mary Elizabeth Lease, akajibu kwamba ifikapo 1993 watu watakula kiini cha chakula kilichotolewa ardhini, na kichupa kidogo kitamtosha mtu siku kadhaa. Wanawake watakuwa wametoka jikoni. Mwaka uliofuata, Marcellin Berthelot, mwanakemia mkubwa wa Ufaransa, alisimama katika dhifa ya wenye viwanda vya kemikali akasema kwamba mwaka 2000 hakutakuwa na mkulima wala mfugaji. Kila mtu atatembea na kidonge chake cha naitrojeni, kidonge cha mafuta, kipande cha wanga au sukari, na kichupa cha viungo vya kutilia ladha. Huyu hakuwa mtu wa mzaha. Mwaka mmoja baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake. Nami nilimpenda kwa jambo moja: hata katika ulimwengu wake wa vidonge hakusahau viungo.

Mwingine aliyeona jiko la nyumbani likiondoka, kwa njia tofauti, ni Edward Bellamy. Riwaya yake ya 1888, Looking Backward, yahusu mtu wa Boston aliyelala 1887 akaamka mwaka 2000. Anakuta nyumba hazipiki. Kuna majiko ya umma, na kila familia ina chumba chake cha kulia katika jengo la mtaa. Vyakula huagizwa, huletwa, huliwa, na mtu akarudi nyumbani bila kuosha sufuria.

Nilipofika hapo nilitabasamu, maana sisi huku jambo hilo twalijua. Ni nyumba ngapi za Mombasa zipikazo chakula cha asubuhi? Mtoto hutumwa na bakuli kwa mama wa mahamri na mbaazi, na kila mtaa una wake. Jioni kuna viazi karai na bajia, kuna mishikaki, kuna mkate wa mofa kwa wanaojua unapouzwa. Jiko la umma la Bellamy lipo, ila halikujengwa na serikali wala halina ukumbi wa marumaru. Liko kibarazani kwa mjane fulani anayeamka saa kumi za alfajiri ili sisi tusipike. Na moshi ambao hatuuvuti sisi wauvuta yeye.

Sasa nije kwa jiko ambalo mpwa wangu amelichora bila kujua alilitoa wapi. Lina asili, na asili yake ni mji wa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mji ule ulikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, na msanifu Ernst May akapewa kazi ya kujenga maelfu ya nyumba za watu wa kipato kidogo. Katika watu wake alikuwako mwanamke mchanga kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, naye akapewa jiko.

Alilifikiria kama mtu anavyofikiria kiwanda. Alisoma maandishi ya Christine Frederick, Mmarekani aliyekuwa akihesabu hatua za mpishi na kutafuta zipi ni za bure. Akachunguza majiko ya mabehewa ya treni, ambamo watu wachache hupikia abiria wengi katika nafasi ya kujibana. Mwisho akatoa chumba cha upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Kila kitu kimo na kila kitu kimefungwa mahali pake: sinki, meza ya kukatia chini ya dirisha, kigoda cha kuzunguka, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, na vidroo vya alumini vilivyoandikwa majina, huku mchele, kule sukari. Makabati mengi yalipakwa rangi ya buluu inayoelekea kijani kwa sababu waliamini nzi hawaipendi. Majiko ya namna hiyo yalitiwa katika nyumba zipatazo 10,000. Kabati za ukutani unazoziona leo Nyali, au kwenye matangazo ya mafundi mitandaoni, ukizifuata nasaba yake utafika kwenye chumba kile.

Nia ilikuwa njema. Alitaka mwanamke amalize kazi upesi apate muda wa mambo mengine. Lakini baadaye mwenyewe alikiri kwamba alipolichora hakuwa amewahi kuendesha nyumba wala kupika. Na waliohamia mle walilalamika. Chumba kilitosha mtu mmoja. Akiingia wa pili ni kugongana viwiko. Familia zilizozoea kula jikoni zilibanabana meza humo hivyo hivyo. Vile vidroo vya alumini watoto walivifikia wakavichezea. Na katika mtaa mmoja, Römerstadt, ambako nyumba zilitiwa majiko ya umeme badala ya gesi, wapangaji waliteta juu ya bili. Jiko lilikuwa la kesho, mshahara ulikuwa wa leo.

Yule Ernst May tunahusiana naye, tena kwa karibu. Mwaka 1934, alipokuwa hawezi tena kurudi Ujerumani ya Hitler, alikuja Tanganyika akalima shamba, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Miongoni mwa kazi zake huku ni Oceanic Hotel ya hapa Mombasa. Kwa hivyo mtu aliyesimamia jiko la kwanza la kisasa duniani alitembea katika upepo wetu huu huu wa bahari. Kama aliwahi kuingia kwenye ua wa Majengo akaona wanawake watano wamezunguka sinia moja la mchele wakichagua mawe, laiti angeandika aliwaza nini. Schütte-Lihotzky naye alirudi kwao, akaingia katika harakati za kuwapinga Wanazi, akafungwa hadi vita vilipokwisha 1945. Alifariki Januari 2000, akikaribia kutimiza miaka 103. Ule mwaka 2000 wa vidonge aliuona.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, utabiri ulihamia Marekani, na huko ukawa biashara. Hapa sitakawia, maana ukiona moja umeziona zote. Mwaka 1956 kampuni ya General Motors ilitoa filamu fupi ambamo mwanamke anatia kadi ya mapishi kwenye mashine, kisha anaondoka kwenda kucheza tenisi na gofu, akirudi keki imeiva na mishumaa juu yake inawaka. Mwaka 1957 huko Disneyland ilifunguliwa nyumba ya plastiki ya kampuni ya Monsanto, jiko lake likiwa na maikrowevu na mashine ya kuosha vyombo kwa mawimbi ya sauti. Miaka kumi baadaye walipotaka kuibomoa, lile tufe la chuma la kubomolea liligonga likarudi. Ikabidi waikatekate kwa mikono.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Moscow, 1959. Wamarekani walipeleka maonyesho yao huko wakati wa vita baridi, na jikoni ndimo Nixon na Khrushchev walimobishana mbele ya kamera. Khrushchev aliuliza kama wana pia mashine ya kumtilia mtu chakula kinywani na kukisukuma kishuke. Katika maonyesho yale yale kulikuwa na "jiko la miujiza" la kampuni za RCA na Whirlpool. Mashine ya kusafisha sakafu ilijiendea yenyewe, na ya kuosha vyombo ilitoka ukutani ikaifuata meza. Watu walishika vinywa. Wasilolijua ni kwamba nyuma ya kioo alijificha mtu ameshika rimoti.

Nimelifikiria sana jambo hilo la mtu nyuma ya kioo. Nani kwetu hamjui? Ni yule msichana aliyeletwa kutoka bara au kutoka kijijini kwetu, analala kwenye godoro stoo, na wageni wakija wanasifu jinsi nyumba hii mambo yake yanavyokwenda.

Haki yao niwape: kuna waliyoyapatia. Maikrowevu ni moja. Iligunduliwa 1945 na Percy Spencer, fundi wa rada wa kampuni ya Raytheon, alipoona peremende ya mfukoni imeyeyuka karibu na mtambo. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa na kimo cha mtu mrefu na uzito wa kilo zipatazo 340, ikapungua hadi 1967 ikatoka ya kukaa mezani kwa dola 495. Kompyuta ya jikoni nayo ilitabiriwa, ila kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1969 duka la Neiman Marcus lilitangaza moja ya kampuni ya Honeywell kwa dola 10,600, kazi yake kuhifadhi mapishi. Kuitumia kulihitaji kozi ya wiki mbili, kwani ilijibu kwa taa na kuulizwa kwa swichi. Hakuna aliyenunua. Leo binti yangu anaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta akiangalia mtu wa Lamu anavyopika mkate wa sinia, bure.

Sasa swali la maana ni hili: je, vilipokuja hivyo vyombo, kazi ilipungua? Mtafiti Joann Vanek alilichunguza Marekani akachapisha matokeo mwaka 1974. Wanawake wasio na ajira walitumia kama saa 52 kwa wiki katika kazi za nyumbani mwaka 1924. Miaka ya 1960, baada ya mafriji na mashine za kufua, zikawa 55. Mwaka 1983 mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan akaandika kitabu kizima kueleza sababu, na mmoja wa mifano yake ni mwepesi kuuelewa. Jiko la chuma lilipokuja, mume hakuhitaji tena kupasua kuni nyingi, na unga wa kinu cha mashine ukamwondoa mtoto katika kutwanga. Kazi zilizotoka mikononi mwa wengine ndizo zilizopungua. Aliyebaki ni mke, peke yake, na watu sasa wakitaka keki badala ya uji.

Nilipoyasoma hayo nikamkumbuka babangu. Ijumaa alikuwa akikalia ile mbuzi akakuna nazi nne, huku akituhadithia habari za bandarini. Dadangu mkubwa akikamua kwenye kifumbu, tui la kasimile likawekwa kando, la pili likaenda kwenye mboga, chicha zikaenda kwa kuku. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepea makaa na kuonja. Ilipokuja blenda nyumbani, sote tulifurahi. Na sote tuliondoka. Babangu hakuwa na tena la kufanya uani, sisi watoto tukaenda kwenye televisheni, na nazi zile nne akabaki nazo mama na mashine yake. Basi mbuzi aliyoiulizia siku ile sidhani kama ni kigoda chenye meno tu.

Lakini nisije nikaupamba ua kuliko ulivyo. Ule ua ndio uliompa kikohozi.

Na hapa ndipo watabiri wote niliowasoma waliponishangaza. Wengine walikosea vidonge, wengine walipatia maikrowevu, ila karibu wote walidhani moto uko tu. Ukibonyeza, unawaka. Hakuna aliyechora jiko la kesho ambalo tarehe 20 ya mwezi gesi imekwisha na mshahara haujaja. Wale wapangaji wa Römerstadt walijaribu kusema, hawakusikizwa.

Kwetu, moto ndio habari yenyewe. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilitegemea kuni kupikia. Gesi ilikuwa karibu robo, na umeme haukufika hata asilimia moja. Serikali nayo imetoa utabiri wake, imeuita lengo: ifikapo 2028 kila nyumba iwe yapikia nishati safi. Lakini tazameni mwendo wa kodi ya gesi. Iliondolewa 2016, ikarudishwa Julai 2021 kwa asilimia 16, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Ile 2021 niliona kwa macho yangu majirani waliokuwa wameshazoea mtungi wakirudi kwa muuza makaa, mtungi ukageuzwa kigoda cha kuwekea redio. Hawakuwa wajinga. Makaa huuzwa kwa mkebe, kwa pesa ya leo, lakini kujaza mtungi wa kilo 13 kwataka fungu zima la fedha kwa mara moja.

Jiko lililobadilisha maisha ya watu wengi zaidi Kenya sikuliona katika utabiri wowote. Ni lile la bati lenye kiuno, ndani limetiwa udongo uliochomwa. Lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakati ule ule Nairobi ilipokuwa ikipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa wa 1981 kuhusu nishati mpya. Mafundi wa jua kali wakalishika, wakalitengeneza kwa mabati ya mapipa, na leo hakuna soko lisilokuwa nalo. Udongo hushika joto, makaa hutumika kidogo. Lilifaulu kwa sababu halikumtaka mpishi abadilishe chochote ila kupunguza makaa. Lilinganishe na jiko la jua. Miaka ya 1950 wataalamu wa India walitengeneza moja likasifiwa sana, halikuenea. Chakula kikuu cha familia nyingi huliwa jua limeshatua, na hakuna mama atakayesimama juani saa saba akigeuza kioo. Nasikia bado kuna wanaotuletea mradi huo pwani. Karibuni, lakini njooni saa ya futari.

Moshi lakini jiko la udongo halikuumaliza. Na hili ndilo lililonifanya niache kuwa upande wa kijana moja kwa moja, bila ya kuhamia upande wa mama. Hebu fikirini lile jiko alilolichora: chumba cha ndani, dirisha moja dogo la vioo, mlango wa kuelekea sebuleni. Gesi ikiwamo, ni kuzuri. Gesi ikiisha na pesa hakuna, mamangu atafanya nini? Namjua. Ataingiza seredani ndani, aweke chini ya lile sinki, afunge mlango ili moshi usiende kwa wageni. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Uani moshi ulimuumiza polepole kwa miaka 50. Katika jiko la kesho ungeweza kummaliza kwa usiku mmoja.

Nilimweleza kijana hivyo. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba, hilo hawatufundishi." Nikamwambia hata huko Frankfurt hawakufundishwa.

Tukarudi kwa mama, safari hii bila ramani, na kalamu mkononi. Tulimuuliza apike nini na vipi, kitu ambacho tulipaswa kuanza nacho. Majibu yake hayakuwa ya mtu anayekataa usasa. Chai, mchuzi, chapati, hayo atapikia gesi, tena kwa furaha, mgongo wake ushachoka kuinama. Mbaazi na maharagwe, ambayo humla makaa asubuhi nzima, amekubali sufuria la umeme la presha baada ya kuliona kwa jirani. Nami nimeahidi tokeni ni juu yangu. Umeme wetu wenyewe sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo hapo hata moshi wa mbali ni mdogo. Pilau na biriani hakubali. Wali ni lazima upaliwe makaa juu ya kifuniko, na hilo katika chumba cha ndani haliwezekani wala halifai. Kisha shughuli. Harusi ya binti yangu inakuja, na deli la pilau halipandi juu ya jiko la gesi la mezani.

Kijana amechora upya. Jiko la ndani lipo, dogo, lakini mlango wake sasa watoka nje na si sebuleni, na dirisha limekuwa mawili yanayotazamana upepo upite. Nyuma yake umerudi ua, nusu ya ule wa zamani, umeezekwa upande mmoja, kuta zake zimeachwa wazi kwa juu. Hapo ndipo makaa yatakapokaa, siku za wali na siku ambazo mtungi utakuwa mtupu. Maegesho yamebaki ya magari matatu. Ndugu yangu mkubwa amekasirika, maana kwa hesabu yake gari ni kodi na ua hauna kodi, na hadi leo ninapoandika hajatia sahihi. Namwelewa, mkopo wa benki ni jina lake lililoandikwa. Mama amesema hatagomba na mtu, ila chumba kisicho na ua hahamii, atarudi kwao Kwale. Tuna kikao kingine Jumapili.

Kikohozi bado kipo. Daktari amesema gesi haitarudisha yaliyokwisha haribika, itazuia yasizidi, na tangu wiki mbili zilizopita nimempelekea mtungi wa kilo 6 aanze kuzoea hata kabla nyumba haijavunjwa. Jana nilipita nikamkuta anaunga mchuzi amesimama wima, seredani imezimwa, na wajukuu wawili wako uani wanagombania nani akalie kigoda.

Pembeni mwa ule ua mpya, kwenye ramani, kijana amechora mraba mdogo na ndani yake ameandika kwa herufi kubwa: MBUZI. Nimemshauri afute kabla ya kuipeleka kaunti kupitishwa, la sivyo wataanza kutuuliza kibali cha kufuga.